Kaza Msuli

Garsen, shuleni
14 Mei 2025

Hawe, bibi yangu na somo wangu,

Bweni limenyamaza. Wenzangu wote wako uwanjani, nami nimesema kichwa kinaniuma ili nipate nafasi ya kukuandikia. Kichwa hakiniumi. Ungekuwa hapa ungenitazama tu na ningesema ukweli wenyewe.

Simu tumekatazwa shuleni, unajua, kwa hiyo barua hii nitampa Nuhu wa mikate. Akishateremsha kreti zake hapa huendelea hadi Tarasaa, na ameahidi kuiacha kwa Shangazi Kadzo pale penye cherehani. Shangazi, shikamoo nawe. Msomee Hawe taratibu, na ukifika kwenye mazoezi usiruke kitu.

Hawe, siku ile niliyopewa ruhusa kuja hospitalini kukutafsiria, nilifurahi kukuona kuliko nilivyoonyesha. Ila kazi niliyoitiwa sikuifanya vizuri. Yule daktari wa mazoezi, Zachary, Kiswahili chake ni cha bara na Kigiriama hajui hata salamu, ndiyo maana kila mara alikuwa akirukia Kiingereza. Alisema goti lako limelika ndani kwa miaka ya kulima na kubeba. Halitarudi kuwa la msichana, lakini mguu ukiongezwa nguvu goti litapata kupumzika. Halafu akakaa kitini aonyeshe kwa mguu wake mwenyewe, na wewe ukageukia dirisha, na mimi nikatazama viatu vyangu. Kijana wa kiume anajishikashika mguu mbele ya mtu mzima, tungemtazamaje? Kisha gari likapiga honi, mkaondoka, na karatasi ya mazoezi ikabaki mkononi mwangu.

Imeandikwa Kiingereza. Nimeitafsiri kwa kamusi ya shule, neno kwa neno, Kiswahili sanifu ambacho mwalimu wangu angekipa maksi. Ni hivi.

Kaa mkekani, nyoosha mguu wenye maumivu. Kaza msuli juu ya goti. Ushikilie hivyo, usiuachie haraka, ndipo uulegeze. Ukishazoea, inua mguu mzima kidogo kutoka mkekani hali msuli umekazwa vilevile, kisha uteremshe polepole. Baada ya hapo kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena. Na usiache kutembea. Hata ukiwa njiani kwenda shamba, kumbuka kukaza msuli.

Pale juu ya goti karatasi imetaja kiungo kwa jina lake. Mimi sikukitaja, maana barua zetu husomwa uani mbele ya kila aliyekuja kunywa maji, na pengine Baba Mkubwa Mwaro amefika. Utaelewa tu.

Fanya kila siku, Hawe. Nilisikia Baba Mkubwa alivyosema pale nje ya hospitali, kwamba ikifika mwezi wa nane na bado huwezi kwenda shambani kwa miguu yako, atakuhamishia kwake Malindi. Najua hutaki. Zachary amesema mwanzoni mwa mwezi wa saba atakuja Tarasaa aanzishe kikundi cha akina mama wenye magoti. Akukute wewe ndiye mwalimu wao.

Mjukuu wako,
Christine Dama


Tarasaa
22 Mei 2025

Somo wangu,

Barua imefika na harufu ya mkate. Shangazi yako anaandika kama ninavyosema, na nimemwambia asinirekebishe.

Nimeanza. Siku ya kwanza nilikaa nikijiuliza, mbona daktari ataka msuli, asitake leso? Nikasema ana sababu yake, mtu hasomi miaka yote ile bure. Basi msuli wa marehemu babu yako umenifaa. Miaka hii yote nilijua uko pale pale, sikujua bado una kazi. Nakaza asubuhi, nakaa mkekani nainua mguu kama ulivyoandika, nasimama kitini, nakaa. Kuku wakinitazama nawaambia chekeni, nanyi mtazeeka.

Shamba nimefika, Christine. Juzi na jana. Nyani walikuwa wamekula mahindi upande wa mtoni, nikawatukana mpaka nikapata raha. Mwaro amepiga simu nikamwambia nimetoka shamba, akakata simu kama mtu aliyeibiwa.

Mwanaarusi wa kijiji cha Hewani, yule anayeniletea ndizi, naye goti linamsumbua. Nimemfundisha. Alikaza asubuhi, kabla ya adhuhuri akalegeza, akasema miguu yake si mzigo wa kuni. Pokomo hawa hawawezi shida. Yeye mwenyewe amecheka niliposema hivyo.

Jambo moja tu. Ikifika jioni wayo unakuwa kama si wangu, umekufa ganzi, na vidole vinajaa. Shangazi yako asema tumwulize daktari. Wewe uko karibu naye. Muulize, ndiyo dawa yenyewe ama ni nini.

Kula vizuri. Usiwe unaona haya kuomba nyongeza.

Hawe Dama

Nami nakusalimu, Christine. Hawe amebadilika, anatembea na shingo juu. Kila asubuhi ananiita nisaidie kabla sijafungua duka. Tumekushukuru. Shangazi yako, Kadzo.


Garsen
30 Mei 2025

Hawe wangu,

Nimeisoma barua yako chooni nisionekane nikicheka, na bado Kadra wa kitanda cha jirani alinisikia. Msuli wa marehemu babu! Nilimsomea akacheka mpaka akakaa chini. Anasema anataka bibi kama wewe. Nimemwambia mimi mwenyewe nina mmoja tu.

Kuhusu ganzi nimeuliza. Nimeambiwa usiogope. Msuli uliokaa miaka bila kazi ukianza kukazwa lazima ulalamike, na ukiuma ndiyo dalili unakua. Wachezaji wote hupitia hapo. Kwa hiyo usilegeze mapema kama Mwanaarusi. Kaza zaidi, Hawe, mpaka mguu utetemeke, ushikilie. Ukivumilia mwezi huu mmoja, Baba Mkubwa atakuja kukuchukua akukute uko mtoni unafukuza nyani.

Najivunia, sijui kulisema uso kwa uso. Nikiwa mbele yako maneno hukauka. Kwenye karatasi angalau hunitazami.

Mapumziko ya katikati ya muhula ni mwisho wa mwezi wa sita. Nitakuja tufanye pamoja.

Christine


Tarasaa
16 Juni 2025

Christine,

Kwanza Hawe yuko hai, anaongea, usilie.

Alhamisi asubuhi alisimama kutoka kitini, ule mguu ukamkataa kabisa, akaanguka juu ya jiwe la kusagia. Nilipofika nikamlaza, nikafungua ule msuli nimpepee mguu. Christine, chini ya nguo ngozi ilikuwa imechubuka mzunguko mzima, na palipokaa fundo pamefanya kidonda kinachotoa maji. Tangu goti hadi vidole mguu umevimba, unang'aa. Tukamkimbiza Garsen. Wamesema damu imezuiliwa ikaanza kuganda, na kwamba tungechelewa kidogo ingekuwa hadithi nyingine. Amelazwa. Goti lenyewe limeteguka alipoanguka.

Daktari wa zamu aliuliza, nani alimwambia huyu mama ajifunge kitambaa juu ya goti kutwa nzima? Nikasema nyinyi. Nikamwonyesha ule msuli wa baba, ule wa mistari ya kijani aliokuwa akijifunga kiunoni akienda kanisani, nikasema daktari wenu wa mazoezi ametuagiza tukaze msuli, na tumekaza. Akanitazama kama mwendawazimu.

Nikwambie la moyoni. Nilikuwa nafunga mimi. Kila asubuhi, kwa mkono huu huu wa kushona, fundo la kwanza na la pili, kwa nyuma lisionekane. Na barua yako ya pili ilipokuja nikaongeza kukaza. Alisema inauma, nikamwambia vumilia mama, wamesema ikiuma ndiyo dalili. Sasa usiku namwona akinipa mguu kwa imani, kama mtoto anavyotoa mguu avishwe kiatu.

Mwaro amekuja kutoka Malindi. Amekasirika. Hawe akitoka hospitalini tutaenda kumwona huyo Zachary. Lakini anaweza kukana, watu wa ofisi hukana. Wewe ulikuwepo chumbani, ulimsikia kwa masikio yako. Niandikie ukweli. Alisema tukaze msuli, au hakusema?

Mpe Nuhu jibu, nitamngoja barabarani.

Shangazi Kadzo


Garsen
18 Juni 2025

Shangazi,

Poleni sana. Mwambie Hawe pole, mwambie namwombea.

Ndiyo, alisema kaza msuli. Nilimsikia.

Tuko kwenye mitihani ya kati na leo tumefanya Hesabu, ilikuwa ngumu. Sabuni imeniishia lakini usijali, Kadra atanigawia.

Christine


Tarasaa
2 Julai 2025

Christine,

Ulipoondoka Jumapili baada ya mapumziko, Hawe alikuulizia mara kadhaa. Mtoto ameondoka bila kuniaga vizuri, alisema. Nikamwambia una huzuni. Siku zote ulizokaa hapa hukufungua kinywa, ulikuwa unamchotea maji, unamkanda wayo, unatoka nje. Nilikuona. Nikasema huyu mtoto anampenda bibi yake kweli.

Leo nataka ujue mambo yalivyoisha.

Jana tulikwenda kwa Zachary, mimi na Mwaro. Nilidhani tutakuta mtu wa kiburi. Ni kijana tu, shati limepauka kwenye kola. Mwaro akamuuliza mbele ya foleni nzima, ulimwambia mama yangu akaze nini? Akasema, muscle, mzee. Mwaro akasema, enhe, msuli, tumekusikia. Akasema tena, hapana mzee, ninamaanisha muscle, akajigusa. Mwaro akamwambia, usijiguse mbele ya dada yangu, msuli tunaujua, tumeuvaa tangu hujazaliwa. Watu wakacheka. Nami nikasema, tuna shahidi, mtoto wetu alikuwepo, ametuandikia kwamba ndivyo ulivyosema. Alipotajiwa wewe akaacha kubisha. Mwisho akasema labda Kiswahili chake ndicho kimemponza, kwamba si chake cha kuzaliwa, na kama ndivyo basi kosa ni lake. Akaomba msamaha. Aliinama kabisa, Christine. Nilitoka pale sina raha, na sijui kwa nini, maana tulishinda.

Leo asubuhi yeye huyo akaja Tarasaa kwa pikipiki, siku aliyoahidi kuanzisha kikundi. Amebeba mikeka mipya. Akina mama walikuwa wameshasikia, hakuna aliyetoka. Mwanaarusi peke yake alikuja, akasimama mbali na kapu lake la ndizi, akamuuliza kwa sauti, leo unatufunga nini, shingo? Yule kijana akafunga mikeka yake akaondoka.

Hawe amekataa mazoezi ya aina yoyote. Hospitali wamemwambia bila mazoezi goti litaganda, yeye anasema ameshafanya, na amelipata alichopata. Hainuki bila mtu. Mimi nina duka, siwezi kuwa pande mbili. Basi Mwaro ameshinda. Jumamosi hii anampeleka Malindi. Nyumba itafungwa kwanza, halafu wataona.

Hakulia. Aliniomba nimsogeze mlangoni akae, basi.

Kadzo


Garsen
13 Julai 2025

Hawe wangu,

Barua hii inakuja Malindi kwa mkono wa dada wa Kadra anayesoma huko. Sijui nani atakusomea. Yeyote uliye, tafadhali msomee yote, hata pale nitakapoonekana mbaya. Nyingine kama hii nimempelekea Shangazi leo hii hii.

Zachary hakukwambia ufunge kitambaa. Hakuna aliyesema hivyo. Karatasi ilisema kwa Kiingereza, kaza nyama ya paja. Ile nyama ya mbele, juu ya goti. Uikaze kutoka ndani, bila kitu chochote, kama unavyokaza mkono ukibeba ndoo. Kamusi inaiita nyama hiyo msuli, na shuleni ndivyo tunavyosema. Nyumbani sijapata kusikia mtu akiita hivyo. Nyumbani msuli ni ile nguo ya babu, na mimi nilikuwa naijua, nilikuwa naianika. Ningeandika paja tu ungeelewa. Nililiandika, Hawe, kwa penseli, kisha nikauona ua wetu kichwani, nikamwona Baba Mkubwa amekaa, Shangazi anasoma kwa sauti, na neno hilo linatoka kwenye barua yangu mimi. Nikalifuta. Niliona haya.

Ulipoandika juu ya msuli wa marehemu babu nikadhani ni utani, kwamba mguu wako umepata nguvu kama wa mwanamume. Hapo nilikosea tu, sikujua. Lakini uliniambia nimuulize daktari kuhusu ganzi, nikakujibu nimeuliza. Sikwenda. Kwenda hospitalini ni kuomba ruhusa kwa mwalimu wa zamu, mbele ya darasa, na kueleza. Niliyemuuliza ni Kadra, anayecheza voliboli. Yeye alikuwa anasema juu ya miguu yake. Mimi nikaandika kama maneno ya daktari, nikakwambia ukaze zaidi.

Na hilo si baya kuliko yote.

Barua ya Shangazi ilipofika nilijua kabla sijaimaliza. Ile mistari ya kijani ilitosha. Nilikuwa na kalamu mkononi, Nuhu anangoja langoni na gari linanguruma, na swali lilikuwa moja. Nikaandika, ndiyo, alisema kaza msuli, nilimsikia. Ukiyapima maneno yale moja moja, kila moja lina pa kujificha. Niliyapanga makusudi yajifiche. Halafu nikaandika habari ya sabuni.

Nikaja nyumbani nikakukanda wayo. Ulikuwa umelala, au nilidhani umelala, ukasema, mkono wako una baridi somo, umeshika nini? Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, hakukuwa na mtu. Nikasema nimeshika maji. Baba Mkubwa alikuwa nje anamweleza Shangazi kitanda cha Malindi kina urefu gani, nami nikasikiliza habari za kitanda.

Wiki iliyopita nilijilazimisha nikaomba ruhusa, nikaenda kwa Zachary. Nilikaa kwenye benchi na wagonjwa. Alikuwa peke yake ndani, nilimwona amekunja mikeka pembeni ya ukuta. Akatoka akanitambua, akaniuliza, bibi yako anaendeleaje? Aliuliza kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi. Nikasema nimefuata dawa ya kichwa. Akanionyesha dirisha la dawa.

Mwalimu huniambia mimi ni mtu wa lugha mbili, kwamba nitapata kazi nzuri. Ningekuwa na moja tu nikaijua kuisema, ungekuwa bado Tarasaa.

Sikuombi useme yameisha. Nakuomba kitu kingine. Anza tena mazoezi. Kaa kitandani, nyoosha mguu, weka kiganja juu ya paja, ulikaze mpaka ulisikie gumu chini ya mkono. Kidonda kikiwa bado, muulize muuguzi kwanza. Muulize yeye. Usiniulize mimi.

Christine


Tarasaa
18 Julai 2025

Christine,

Nimeisoma. Nimeisoma tena nikiwa nimefunga duka.

Nilimfokea kijana wa watu mbele ya foleni, nikisema tuna shahidi.

Sijui nikuandikie nini kwa sasa. Usimpe Nuhu barua nyingine mpaka nikuambie. Sabuni nimempa akuletee.

Kadzo


Malindi
26 Julai 2025

Kwa Christine,

Mimi naitwa Rayyan, nakaa chumba cha pili na mume wangu, ghorofa moja na ami yako Mwaro. Bibi amenambia niandike asemavyo, nisirembe. Haya yote ni maneno yake.

Somo wangu,

Barua yako alinisomea huyu Rayyan. Alipofika pale pa paja nikamwambia rudia. Akarudia. Tukacheka sana, mke wa Mwaro akaja kuuliza kuna nini. Halafu jioni sikucheka.

Christine, mimi nimekupakata. Mama yako alipokwenda kutafuta kazi ulikuwa huna meno, na mapaja haya ndiyo yaliyokuwa kitanda chako. Ulikojoa hapa, ulilala hapa, ulijifunzia kusimama hapa ukinikanyaga. Leo limekuwa neno la kufutwa kwa penseli. Sikusemi kwa ubaya. Najiuliza tu nani alikufundisha haya hiyo, na naona ni mimi. Siku ile nani aligeukia dirisha wa kwanza? Mtu anajitoa jasho kunionyesha dawa, mimi nahesabu mbuzi wa watu nje.

Kwa hilo la neno tumegawana. Ganzi pia naweza kugawana nawe, maana mguu ulikuwa wangu, ulipiga kelele nikauambia nyamaza. Ila lile la kumjibu shangazi yako, hilo ni lako, siwezi kukushika mkono upande huo. Kadzo anajiona ndiye aliyenivunja. Ungemwandikia wiki ile ile angelala. Na kwa yule kijana nenda mwenyewe. Usipite dirisha la dawa. Sitaki uniandikie kwamba utakwenda, nataka uniambie alivyokujibu.

Mazoezi nimeanza. Muuguzi amekubali, kidonda kimefunga. Rayyan aliketi kitandani hapa akakaza paja lake, akanivuta mkono akauweka juu. Lilikuwa gumu kama muhogo. Akaniambia, sasa lako. Langu mwanzoni lilikuwa kama ugali wa jana. Kumbe ni kitu cha kushika kwa mkono tu. Angekuwepo mwanamke mmoja siku ile Garsen wa kushikwa paja, nisingehitaji barua wala Kiingereza.

Sasa linakaza. Juzi nimeshuka ngazi mwenyewe, nikapanda mwenyewe, nimeshika ukuta kidogo. Mwaro alifurahi kweli, si mtoto mbaya. Akasema, umeona mama, Malindi imekufaa. Nikamwambia basi nimepona, nirudishe. Akasema haiwezekani. Nyumba imeshapata watu, mwalimu na mke wake, wamelipa mpaka mwaka uishe. Shamba amempa jirani yetu Mramba alime nusu kwa nusu. Anasema huyo mke wa mwalimu amefagia ua wote, amepanda maua palipokuwa na jiko langu.

Kila asubuhi nashuka. Chini kuna saruji na geti, na barabara ambayo sijui inakwenda wapi. Nasimama pale, Rayyan ananiuliza unataka kwenda wapi bibi, namwambia nimeshafika. Napanda tena.

Shangazi yako bado hajapoa, usimlazimishe. Analia akipiga simu, halafu anaanza kuzungumza habari za vitambaa. Mwache.

Mnafunga shule wiki hii, Mwaro amesema atakutumia nauli. Gari likisimama Tarasaa watu watashuka na mizigo yao. Wewe kaa palepale kitini. Uje huku.

Hawe Dama